New Year's Eve: filamu ya nyota wengi isiyo na steringi

Mtazamaji aliyekulia kwenye vibanda umiza vya Manzese au Temeke hukaa mbele ya skrini na swali moja kichwani: steringi ni nani? New Year's Eve, filamu ya vichekesho vya mapenzi iliyoongozwa na Garry Marshall na kutoka Desemba 2011, haina jibu la swali hilo, na anayelingojea ataizima kabla nusu saa haijaisha. Yumo Robert De Niro, yumo Michelle Pfeiffer, wamo Halle Berry, Hilary Swank, Sarah Jessica Parker, Zac Efron na Ashton Kutcher, yumo hata mwanamuziki Jon Bon Jovi, wala hakuna kati yao anayeachiwa kamera kwa muda mrefu. Wakosoaji wengi wa Marekani waliiponda vibaya. Mimi nimeifurahia, tena nadhani kile walichokilalamikia, yaani visa vingi vifupi vinavyokatizana, ndicho kinachoifanya ifae kutazamwa sebuleni usiku wa tarehe 31 Desemba.

Visa vyote vinatokea siku moja jijini New York na vyote vinakimbilia saa sita usiku, wakati tufe kubwa la taa linapoteremshwa kwenye mlingoti wa Times Square. Desturi hiyo ilianza mwaka 1907 na imewahi kukatizwa mara mbili tu, mwaka 1942 na 1943, kwa sababu ya kupunguzwa kwa mwanga wa jiji wakati wa vita. Kwa hiyo tufe linapokwama njiani mbele ya waandishi wa habari, mtazamaji anaelewa kwa nini Claire, msimamizi wa shughuli anayeigizwa na Swank, anaishiwa pumzi. Wa kumwokoa ni fundi wa zamani aliyekwisha kuachishwa kazi, na fundi huyo ni Hector Elizondo, ambaye Marshall hakuwahi kuongoza filamu bila kumtafutia nafasi. Anaonekana kidogo tu, lakini akishika vifaa vyake unaamini kabisa kwamba kitu kitatengenezeka.

Kisa kinachobeba filamu, kwa maoni yangu, ni cha Pfeiffer na Efron. Ingrid ni katibu wa kampuni ya muziki, mwanamke mwoga, mwenye mabega yaliyoinama, ambaye siku ya mwisho ya mwaka anaacha kazi na kutoa orodha ya maazimio aliyojiwekea bila kutimiza hata moja. Anamkabidhi orodha hiyo Paul, kijana wa kusambaza vifurushi, kwa ahadi ya tiketi za sherehe ambayo kijana huyo anaitamani sana. Kuanzia hapo wawili hao wanazunguka jiji kwa skuta, naye Paul anatafuta ujanja wa kutimiza kila azimio kabla ya saa sita, likiwamo la kwenda Bali, analolitimiza bila kuvuka mpaka wa New York. Mkazi yeyote wa Dar es Salaam aliyewahi kumpa bodaboda wake shughuli tano za Kariakoo, Posta na Mwenge katika asubuhi moja atamtambua kijana huyu papo hapo. Pfeiffer anaigiza kwa mwili zaidi kuliko kwa maneno, kwani kadiri orodha inavyofupika ndivyo shingo yake inavyonyooka, na hakuna anayelitaja jambo hilo kwa mdomo.

De Niro yuko hospitalini, mgonjwa asiye na muda mrefu wa kuishi, akiomba apelekwe juu ya paa akaone tufe likishuka. Muuguzi wake ni Berry, ambaye mumewe ni askari aliyeko Afghanistan, na mkutano wa wanandoa hao kwenye skrini ya kompyuta ni wa dakika chache tu lakini ndio uliotunyamazisha nyumbani. Wenye ndugu Marekani wanaijua hali hiyo ya saa zisizolingana: tufe likifika chini New York, Dar es Salaam ni saa mbili asubuhi ya mwaka mpya na watu wanakunywa chai.

Visa vingine havina uzito huo. Wajawazito wawili na waume zao wanashindana kupata mtoto wa kwanza wa mwaka ili wachukue zawadi ya fedha, na utani huo unachosha mapema. Kutcher na Lea Michele wanakwama ndani ya lifti, na kila mtu anajua watatokaje humo. Bon Jovi anaimba vizuri kuliko anavyoomba msamaha kwa mwanamke ambaye yeye mwenyewe alimtoroka.

Faida ya mpangilio huu niliiona kwa shangazi yangu, aliyekuwa akipishana baina ya sebule na jiko kwa sababu ya pilau. Kila akirudi aliuliza, "Haya mwanangu, na huyu wa nani tena?" Ukimjibu kwa sentensi moja, "Huyu ndiye aliyefukuzwa kazi, shangazi," alikuwa amekwisha kuingia kwenye hadithi. Filamu ya steringi mmoja isingemvumilia. Wala hakuhitaji Kiingereza kingi, maana nyuso za waigizaji hawa zinasomeka zenyewe, ingawa ni vizuri mtu mmoja akajitolea kutafsiri mazungumzo ya hospitalini.

Wanaotazama na wazee wajue kuwa mabusu yapo ya kutosha, na kwenye wodi ya wazazi maneno si ya adabu sana. Filamu inachukua dakika 118, hivyo ikianza saa tatu na nusu usiku itawaachia muda wa kwenda kwenye mkesha kanisani, au wa kupanda juu kutazama fataki. Majina yanapoanza kupita mwishoni msizime, kwa kuwa humo wamewekwa waigizaji wakikosea maneno na kuchekana.