Nailoni ya kufungia paleti, mikroni 23: roli ya mkono

Roli yenye upana wa sentimita 50, unene wa mikroni 23 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita) na urefu wa mita 300 inatosha vizuri kwa katoni za uzito wa kati. Ila usiinunue kabla ya kuipima. Nailoni ya vipimo hivyo, bila bomba lake la karatasi ngumu, ina takriban kilo 3.2. Bomba likiwa nene, mizani inapanda huku nailoni ikiwa pungufu, na hapo ndipo bei nafuu inapotoka.

Lawama nyingi inazopewa nailoni hii ni za ufungaji. Mzigo unakaa imara, lakini lori likifunga breki unateleza mzima mzima juu ya paleti, yaani jukwaa la mbao linalobeba mzigo, kwa sababu mzunguko wa kwanza ulianzia kwenye katoni. Anzia kwenye mbao: funga ncha kwenye kona ya paleti, zungusha mara 3 chini, nailoni ishike mbao na katoni za safu ya kwanza kwa pamoja. Kisha panda, kila mzunguko ufunike nusu ya uliotangulia, na umalizie mara 3 juu. Paleti ya milimita 1200 kwa 1000 yenye mzigo wa mita moja na nusu hula mizunguko kama 11. Ukivuta nailoni kwa asilimia 20 hivi, roli moja inafunga paleti 7. Anayefunga huzunguka kinyumenyume, kwa hiyo sakafu iwe wazi.

Usivute kupita kiasi. Nailoni inasinyaa upana, inachanika penye kona kali, na katoni laini zinabonyea. Vikingio vya kona vya karatasi ngumu vinasaidia sana hapo.

Upangaji nao hauokolewi na nailoni. Katoni hubeba uzito kwenye kona zake. Zikipangwa kona juu ya kona zinahimili zaidi kuliko zikipishanishwa kama matofali, ingawa mnara wa namna hiyo huyumba kirahisi, ndiyo maana safu ya juu hupishanishwa. Katoni isichomoze nje ya paleti hata kidogo.

Bidhaa zenye joto au unyevu zisifungwe kwa nailoni hii: mvuke unabaki ndani na katoni zinalegea. Kwa mashine, vyuma na mizigo mingine mizito, nunua mikanda ya kukazia.