iPad mini ndani ya Cessna 172, Malindi hadi Lamu: uzoefu wangu

Programu ya ramani za anga sina ugomvi nayo. Adui ni joto. Mtengenezaji anaandika kuwa iPad itumike kati ya nyuzi 0 na 35 za Selsiasi, na ndege iliyoegeshwa juani Malindi huwa imeshapita hapo kabla injini haijawashwa. Dalili zake nimezikariri: chaji inagoma kuingia, kioo kinafifia, halafu ramani inatoweka, linabaki onyo la joto tu.

Kwa hiyo usiibandike kioo cha mbele. Pale jua linaichoma mgongo, na dira iko jirani. Sumaku za tableti huipotosha. Ifunge kwenye usukani, ivue kava, elekeza kwake tundu la hewa lililo juu, penye shina la bawa. Kisha vuta usukani hadi mwisho na uuzungushe kulia na kushoto, uhakikishe waya wa chaji haunasi popote. Chaja yenyewe ikague: 172 za zamani zina umeme wa volti 14, za baadaye 28, na chaja ya gari ya volti 12 pekee itaungua kwenye hizo za pili.

Unaponunua, chukua yenye sehemu ya laini ya simu. Ya Wi-Fi pekee haina GPS, kwa hiyo utahitaji kipokezi cha nje cha Bluetooth. Bila hicho kindege cha kwenye ramani kitaganda Malindi nawe umeshaipita Ngomeni.

Ramani pakua nyumbani. Data za anga husasishwa kila siku 28. Ukimaliza washa hali ya ndege (GPS haizimiki), kisha ivute ramani kwa kidole, Ngomeni, Kipini hadi Manda (uwanja wa ndege wa Lamu), ukiikuza. Penye ukungu wa miraba hapajapakuliwa.

Jambo linalowaponza wengi ni upepo. Njia ni kama maili 75 za baharini: kwa mwendo wa maili 100 kwa saa, dakika 45. Msimu wa kaskazi upepo unakupiga usoni; ukiwa wa maili 20, ni dakika 56. Ikikosa intaneti, programu yangu hushikilia upepo wa mwisho iliopata, hata wa jana, na dakika za kuwasili inazoonyesha kabla ya kuruka si za kutegemea. Mimi huingiza upepo kwa mkono, kisha nikifika mdomo wa Tana nasoma mwendo halisi wa GPS na kupiga upya hesabu ya mafuta.

Kimo cha GPS kikizidi cha altimita (kipimo cha kimo cha ndege kinachotumia shinikizo la hewa), usiiguse altimita. Kila nyuzi 10 juu ya joto la kawaida la kimo hicho huifanya isome chini kwa karibu asilimia 4, yaani futi 120 ukiwa futi 3,000. Fuata altimita hiyo hiyo, maana wenzako angani nao wanaifuata.