TAHADHARI: Anayeuza pakeji ya wapenzi wa gemu kwenda Japani anauza tiketi hewa

Ndugu zangu mnaopanga kwenda Japani kwa ajili ya gemu, someni hii kabla hamjatuma hata senti moja.

Kuna mtu anawafuata watu inboksi na pakeji ya safari. Ndani yake kuna Makumbusho ya Nintendo, ile kampuni ya gemu, kule mji wa Uji, eneo la burudani la Super Nintendo World la Osaka, meza ya mkahawa wa Pokémon Café wa Tokyo, na kuendesha vigari barabarani ukiwa umevaa kama Mario, mhusika wa gemu za Nintendo. Anataka nusu ya hela mapema, na kadi hapokei. Ukishatuma, anakuletea picha ya tiketi yenye jina lako na msimbo wa QR, imepangwa vizuri kabisa. Unafurahi, unamalizia nusu iliyobaki. Baada ya hapo hapatikani.

Nasema ni tiketi hewa kwa sababu baadhi ya waliolipa wamenitumia picha zao nikazilinganisha. Majina ni tofauti, saa za kuingia ni tofauti, lakini msimbo ni ule ule. Hata ukingo wa chini upande wa kulia, pale palipokatwa vibaya, umekatika vilevile kwenye kila picha. Na mmoja wao, dada aliyekuwa anataka kumpeleka mdogo wake aliyemaliza shule, tiketi yake imeandikwa siku ya Jumanne. Makumbusho yale Jumanne hufungwa, isipokuwa iangukie sikukuu. Wangesafiri umbali wote ule waje wakute mlango umefungwa. Hili limeniuma sana.

Tapeli huyu anafanikiwa kwa sababu tiketi za kweli ni ngumu kupata, na yeye anajua hivyo. Makumbusho yalifunguliwa Oktoba 2, 2024, kwenye kilichokuwa kiwanda cha Nintendo ambako zamani walitengeneza karata. Huwezi kufika tu ukanunua mlangoni. Unaomba kwenye tovuti yao kwa akaunti ya Nintendo, miezi mitatu kabla, kisha inachezeshwa droo. Jina lako likitoka ndipo unalipa, tena kwa kadi, ndani ya muda waliokupa. Nafasi zikibaki, zinawekwa wazi kwa anayewahi. Mtu mzima analipa yen 3,300. Huyu jamaa anatoza yen 18,000 na kusema ana nafasi za uhakika. Nafasi ya uhakika kwenye droo anaitoa wapi? Isitoshe, tiketi zile haziruhusiwi kuuzwa tena, na wahudumu wanaweza kudai kitambulisho walinganishe na jina.

Kwa upande wa Osaka anauza kile anachokiita kibali cha kuingia eneo la Mario. Elewa jinsi inavyokwenda. Super Nintendo World, iliyofunguliwa Machi 2021, ipo ndani ya bustani ya burudani ya Universal Studios Japan, kwa hiyo kitu cha kwanza ni tiketi ya bustani yenyewe. Siku za msongamano eneo lile huingiwa kwa zamu, na nafasi ya zamu unaichukua bure kwenye programu ya simu ya bustani, ukiwa umeshapita geti. Mwenye haraka anaweza kununua Express Pass, yaani pasi ya kupunguza foleni, inayotaja eneo hilo. Sasa huyu anakuambia ameshakuchukulia ile ya bure, wiki kadhaa kabla hujapanda ndege! Wapo mawakala halali wanaouza tiketi za bustani, sikatai, lakini hao utawakuta wametajwa na bustani yenyewe.

Pokémon Café ni hivyo hivyo. Kuweka nafasi ya meza hakulipiwi chochote. Nafasi hufunguliwa mtandaoni siku 31 kabla, saa kumi na mbili jioni kwa saa za Japani, na huisha upesi sana. Amka au kesha kulingana na ulipo, ujaribu mwenyewe.

Vile vigari ndivyo vinavyonitisha zaidi, maana hapo mtu anaweza kuingia matatani na polisi. Anawaambia watu kwamba leseni yoyote inatosha. Si kweli. Unaingia barabara za kawaida za mji, pamoja na malori na mabasi. Kibali cha kimataifa cha udereva kinachotambulika Japani ni cha Mkataba wa Geneva wa 1949. Cha mkataba wa 1968 hakikubaliki. Tena anatangaza kwamba shughuli hiyo ni rasmi ya Nintendo, wakati Nintendo yenyewe iliishtaki kampuni moja ya vigari hivyo na Januari 2020 mahakama ikaamuru Nintendo ilipwe yen milioni 50.

Kama umeshamtumia hela, piga simu benki au kwa kampuni uliyotumia kuzituma leo hii, usisubiri akujibu. Ukichelewa, uwezekano wa kuzizuia unapungua. Hifadhi mazungumzo yote, risiti na namba aliyotumia, maana akihisi umeshtuka anafuta meseji zake. Ripoti polisi. Na kama ulimpa picha ya pasipoti, toa taarifa kwa mamlaka iliyoitoa, kwa sababu huyu anaomba ukurasa wote wenye picha na namba, na hatujui anaupeleka wapi.

Mwenye picha ya tiketi kutoka kwake anitumie, afiche jina na namba ya pasipoti, aache msimbo uonekane. Nitailinganisha na nilizonazo na kumjibu kila mmoja. Wanaosafiri karibuni nitaanza nao.