Kuchoma uvimbe wa kongosho bila kupasuliwa: tuliyoyaona kwa Mama

Hospitali iliyomtibu Mama naipa nyota nne kati ya tano. Iliyopungua nitaieleza.

Kwa miaka miwili nililala chumba kimoja na Mama, kengele ya simu nimeitega saa tisa usiku. Nikiamka nampima sukari kidoleni. Mara nyingi nilikuta 2.3 au 2.5, yaani imeshuka mno, shuka limelowa jasho, naye ananiita kwa jina la marehemu dada yake. Nikimnywesha maji ya sukari, baada ya robo saa fahamu zinamrudia. Alitibiwa kifafa, kisha wasiwasi. Mpaka alipolazwa na kukaa bila kula chini ya uangalizi, wakapima insulini sukari ilipoporomoka, ndipo tukajua ni insulinoma: uvimbe wa kongosho unaomwaga insulini hata mwili usipoihitaji. Wa kwake ulikuwa wa milimita 13. Mara nyingi uvimbe huu si saratani, lakini sukari ikishuka hivyo inaweza kuua.

Kuukata ndiyo tiba iliyozoeleka. Moyo wa Mama haukuruhusu upasuaji mkubwa, tukaelekezwa kwa bingwa wa endoskopi, yaani kupima na kutibu kwa mpira mwembamba unaopitishwa mdomoni.

Kazi yenyewe ilinichukua muda kuielewa. Kongosho iko nyuma ya tumbo la chakula. Mpira wenye kipimo cha ultrasaundi kwenye ncha unapitishwa mdomoni hadi tumboni, na hapo uvimbe unaonekana kwa karibu sana. Sindano inatoboa ukuta wa tumbo hilo na kuingia ndani ya uvimbe. Ncha yake inapitisha umeme wa mawimbi ya redio, na joto linaua chembe za uvimbe. Mama alipewa dawa ya usingizi, hakusikia chochote. Baadaye daktari alinionyesha picha: doa jeusi, sindano kama uzi mweupe, halafu mapovu meupe yakilifunika doa lote.

Nilimwamini kwa jambo moja. Kabla ya siku hiyo alituambia wazi kwamba atapima kwanza umbali kati ya uvimbe na mrija mkuu wa kongosho, na akikuta umeugusa hatachoma, maana mrija ukiungua madhara yake ni makubwa.

Sasa nyota iliyopungua. Mama alifunga kula tangu saa sita usiku, kama wagonjwa wote wa kipimo hiki. Zamu yake ilikuwa saa tatu asubuhi, ikasogezwa hadi saa saba mchana, na hakuna aliyemwekea dripu ya glukosi. Mgonjwa wa insulinoma! Niliomba mara mbili, nikaambiwa nisubiri. Nikampima kwa mashine yangu, ikasoma 2.6. Nikaipeleka mpaka mezani kwa wauguzi, ndipo dripu ikaja. Mwenye mgonjwa kama huyu ahakikishe agizo la dripu limeandikwa kwenye faili tangu jana yake.

Baada ya hapo Mama aliumwa tumbo siku mbili. Kongosho ilivimba kidogo, ingawa walikuwa wamempa dawa ya kuzuia hilo, ile ya kuingizwa njia ya haja kubwa. Tulitahadharishwa mapema, kwa hiyo hatukushtuka. Siku ya nne tukaruhusiwa.

Jirani ameniuliza kama baba yake, mwenye saratani ya kongosho, atafaa kwa tiba hii. Nilimwambia asije akaahirisha matibabu ya baba kwa sababu ya habari za Mama. Ule ni ugonjwa mwingine, na tegemeo lake bado ni upasuaji na dawa. Endoskopi humsaidia zaidi kwa kuchukua kinyama cha kupima au kuweka mrija pale nyongo inapoziba.

Usiku wa kwanza nyumbani niliamka saa tisa kama kawaida. Shuka kavu. Mashine ikasoma 5.4. Mama akafumbua macho, akaniita kwa jina langu, akauliza mbona namchoma kidole.