Mwaka mmoja na miezi minne kwenye fleti mpya ya Old Kampala: uzoefu wangu

Ndugu na marafiki wananiuliza kila wiki kama sijajuta kununua fleti Old Kampala badala ya kujenga nyumba yangu Kira au Gayaza, pembezoni mwa jiji, kama wenzangu. Sijajuta. Lakini yapo mambo ambayo natamani mtu angeniambia kabla sijatia saini.

Nimezaliwa mtaa huu. Babu alikuja kutoka Mombasa na kazi ya reli, ile iliyofika Kampala mwaka 1931, ndiyo maana kwetu Kiswahili kimebaki lugha ya nyumbani. Dalali alipoanza kunisimulia habari za boma la Lugard, yule afisa Mwingereza, la mwaka 1890 nilimwambia, "Kaka, hapo nilikuwa nacheza mpira na kaka zangu. Nionyeshe fleti." Jengo lina ghorofa nane na limesimama palipokuwa na nyumba ya zamani ya Wahindi, duka chini, baraza ndefu mbele, na mwaka wa ujenzi umeandikwa kwa saruji juu ya mlango. Ule uso wa mbele ungeweza kuachwa, jengo jipya likapanda nyuma yake. Waliubomoa wote, na bado unaniuma.

Kazi ya mafundi ni nzuri. Niligonga vigae kimoja kimoja na sikukuta kilicho kitupu chini. Milango ni ya mvule mtupu, na mvua za Aprili zimepiga madirisha misimu miwili bila tone kuingia. Sebule inatazama Msikiti wa Taifa, na alfajiri adhana inaingia kana kwamba muadhini amesimama rohoni mwa nyumba. Kwangu mimi hiyo ni neema kubwa. Mwenye usingizi mwepesi achukue fleti za nyuma, zinazotazama kilima cha Namirembe. Dukani kwangu Kikuubo nashuka kwa miguu, foleni ya magari nimeisahau.

Jiko ndilo lililonishinda. Ni la wazi, limeungana na sebule, na sheria za jengo zinakataza mkaa hata kwenye roshani. Sasa matooke (ndizi za kupika) ya kufunikwa majani, yanayotaka moto mdogo kwa saa nyingi, utayapika kwa gesi ya bei gani? Ukikaanga samaki, makochi yananuka siku mbili. Nimeweka mlango wa kioo kwa pesa yangu.

Jenereta nayo iulizeni vizuri. Mimi niliambiwa "ipo" nikaridhika. Kumbe inabeba lifti, pampu ya maji na taa tu. Friji na hita ya kuogea hazimo.

Lakini jambo zito kuliko yote ni hati. Uganda ina sheria ya kondominiamu ya mwaka 2001: kila fleti inapata hati yake, pamoja na fungu lako katika ngazi, paa, lifti na uwanja. Hati hizo hazitoki mpaka ramani ya jengo isajiliwe na hati kuu ya kiwanja igawanywe. Mimi niliahidiwa miezi mitatu, nikasubiri kumi na moja, kwa sababu hati kuu ilikuwa rehani benki kwa mkopo wa ujenzi. Aliyeligundua ni wakili wangu alipopekua daftari la ardhi, na alinisimamia kama dada wa damu: tulikubaliana kwa maandishi kwamba asilimia 20 ya mwisho nitalipa siku nitakaposhika hati yenye jina langu. Bila kifungu hicho sijui ningekuwa wapi leo.

Kwa mtaa huu mrudi nyuma zaidi katika historia ya kiwanja. Wahindi walipofukuzwa mwaka 1972 nyumba nyingi ziliangukia mikononi mwa serikali, kisha sheria ya 1982 ikawapa wenyewe njia ya kuzidai. Hakikisha mnyororo wa wamiliki haujakatika mahali. Kama kiwanja ni cha kukodi, uliza imebaki miaka mingapi, maana fleti yako haiwezi kuishi kuliko kiwanja chake. Na wewe ndugu wa Kongo au Kenya, kisheria huruhusiwi kumiliki ardhi ya mailo (umiliki wa kudumu wa huku Buganda) wala ya milele (freehold). Chako ni ukodishaji, usiozidi miaka 99.

Ada ya huduma ni shilingi 420,000 kwa mwezi, inalipa walinzi, usafi, dizeli na lifti. Mwanzoni kampuni iliyojenga ndiyo iliyokusanya, na hesabu hatukuziona. Sheria inatupa wamiliki chombo chetu cha kusimamia jengo, tukakichukua. Hata hivyo wapo majirani wanaolipa wanapopenda. Mwezi wa saba lifti ilisimama siku tisa kwa kukosa pesa ya kipuri, na mama mkwe wangu, mwenye magoti mabovu, alipanda ghorofa sita akipumzika kila kituo. Nilimfuata nyuma na kiti cha plastiki. Jioni ile ile niligonga mlango mmoja baada ya mwingine, nikiwa na daftari.

Tangu hapo mimi ndiye mhazini. Mkutano ujao ni Jumamosi baada ya laasiri, na fleti nne bado zinadaiwa.