Mozaiki ya ukuta wa pamoja: kipi cha kununua, kipi cha kuacha dukani

Ukuta wa mozaiki, yaani picha ya vipande vidogo vya vigae au kioo, unaojengwa na watu wengi, kama wa shule, zahanati au kituo cha vijana, mara nyingi huharibikia dukani. Pesa zinaishia kwenye vigae vya kupendeza, halafu gundi na wavu vinanunuliwa kwa chenji iliyobaki. Ndiyo maana tathmini hii inaanza na vile visivyoonekana kazi ikishakamilika, rangi zinafuata baadaye. Kipimo chetu ni ukuta wa nje wa mita 6 za mraba, unaopigwa jua na mvua, na mikono ishirini hivi ambayo haijawahi kushika plaizi ya vigae.

Wavu wa faibaglasi: nunua kwanza

Ni lile roli jeupe lenye matundu ya milimita 4 au 5 ambalo mafundi wa lipu hulibandika kwenye nyufa. Ndicho kifaa pekee hapa tunachokipa alama zote, kwa sababu ndicho kinachoruhusu kazi kugawanywa. Bila wavu, watu ishirini watapanga foleni mbele ya ukuta mmoja huku gundi ikikauka. Ukiwa na wavu, kila kundi linakaa kwenye meza yake kivulini na kupanga sehemu yake ya picha kwa siku linazotaka, kisha siku ya kubandika mafundi wawili wanapandisha kila kitu.

Tandika mchoro wa ukubwa halisi mezani, juu yake nailoni angavu, kisha wavu, na vipande mvibandike juu ya wavu. Ukisahau nailoni, mchoro unagandana na wavu. Gawa picha kwa kufuata mistari yake yenyewe, yaani mgongo wa samaki au ukingo wa jani, kwa kuwa mgawanyo wa miraba huonekana hata baada ya grauti, ule ujazo wa saruji kati ya vipande. Paneli isizidi sentimita 40 kwa 40. Ya vigae vya milimita 7 itakuwa na kilo mbili na nusu hivi, na mtu mmoja ataiinua bila kuikunja. Andika namba na mshale wa kuelekea juu kwenye kila paneli na kwenye ramani, kabla hujaanza kuhamisha chochote.

Makosa ya wavu ni mawili, na yanajirudia karibu kila mahali. La kwanza ni gundi nyingi. Kila kipande kinahitaji tone dogo tu. Mtu akipaka eneo zima, matundu yanaziba, gundi ya ukutani haipenyi kufikia mgongo wa kigae, na mvua mbili tatu zinatosha kuiachanisha paneli na ukuta. Halafu gundi nyeupe ya kawaida ya mbao hulainika tena ikilowa, kwa hiyo kwa kazi ya nje chukua ile iliyoandikwa kuwa inastahimili maji. Baada ya saa 24 geuza paneli, bandua nailoni, uache mgongo ukauke.

Kosa la pili ni vipande kuvuka mstari. Kila paneli ikizidi kwa milimita 5 tu, paneli nane kwa mlalo zinakuwa zimezidi ukuta kwa sentimita 4, na wanaoambiwa wabomoe ni wale wa paneli ya mwisho, ambao pengine ndio waliofuata mstari vizuri kuliko wote. Vipande vya ukingoni vikae milimita 2 au 3 ndani ya mstari. Mwekeni msimamizi asiyeona haya kumwambia mwenyekiti ang'oe kipande chake.

Gundi ya vigae: soma herufi, siyo jina

Mfuko wenye maneno matamu usikubabaishe. Tafuta alama za kiwango cha Ulaya, EN 12004. Daraja la C1 hushika kwa nguvu isiyopungua 0.5 N/mm² (nyutoni kwa milimita ya mraba), na C2 isiyopungua 1.0. Kioo na porselini, kile kigae kigumu cha sakafuni, havinyonyi maji, kwa hiyo C1 haivishiki sawasawa. Hapo ni C2 tu. T maana yake haitelezi ukutani, E maana yake muda wa kubandika umerefushwa kutoka dakika 20 hadi 30, na S1 maana yake inanyumbuka kidogo ukuta unapotanuka kwa joto. Kwa ukuta wetu C2TE inafaa, na kama unaelekea jua la mchana ongeza S1. Chini ya kioo tumia nyeupe, maana ya kijivu huonekana kwa nyuma na kufubaza rangi.

Kwa mwiko wenye meno ya milimita 4 hadi 6 hutumika kilo 4 au 5 kwa mita ya mraba, hivyo mifuko miwili ya kilo 25 inatosha mita 6 na ziada ya kujaza mabonde. Mimina maji kwenye ndoo kwanza, unga baadaye, koroga, acha dakika 5 hadi 10, koroga tena. Ikianza kugandamana usiiongezee maji: itaonekana laini lakini nguvu yake imeshakwenda. Zile dakika 30 za E ni za maabara. Juani na kwenye upepo zinaweza kuwa chini ya 10. Gusa kwa kidole. Kama haichafui imeshaota ngozi, ikwangue na upake nyingine.

Saruji na maji, ile niru ambayo bado inatumika kubandikia vigae, tunaipa sifuri kwa kazi hii. Ukuta mkavu unainyonya maji kabla haijashika, na kioo hakina vinyweleo vya kuikamata. Sahani nzima, bakuli na vitako vya chupa vina kanuni nyingine. Hivyo huzamishwa kwenye lipu mbichi, ukingo wa lipu ukipanda ubavuni mwake. Makaburi ya nguzo ya Kunduchi, kaskazini mwa Dar es Salaam, yalipambwa namna hiyo kwa sahani za kauri za Kichina katika karne ya 18. Nyingi zimeshatoka, na mashimo ya duara yaliyobaki kwenye chokaa yanaonyesha jinsi zilivyokaa.

Vipande vyenyewe

*Vigae vya ukutani vilivyovunjika.* Ndivyo tunavyovipendekeza, na vingi hupatikana bure au kwa bei ya kubebea kutoka maduka ya vigae na maeneo ya ujenzi. Katika bustani ya Park Güell ya Barcelona, iliyojengwa kati ya 1900 na 1914, wasanifu majengo Antoni Gaudí na Josep Maria Jujol walifunika benchi lote la kupinda kwa vigae vilivyovunjwa, na sababu ni ya kiufundi: kigae kizima hakikubali mpindo, vipande vidogo vinaufuata. Vya ukutani vina mwili wa vinyweleo na hukatika kirahisi. Vifunge kwenye gunia, sura chini, gonga mgongoni kwa nyundo mara moja katikati. Tatizo ni unene. Nyumba moja italeta vya milimita 6, nyingine vya 9, na uso wa ukuta unakuwa na kingo za kukwaruza viwiko vya watoto. Vichambueni kwa unene kabla ya kuvichambua kwa rangi, na kila paneli itumie unene mmoja.

*Porselini ya sakafuni.* Hainyonyi maji zaidi ya asilimia 0.5, kwa hiyo hudumu nje kuliko zote. Ila ni ngumu mno. Mkono wa mgeni utachoka kabla ya saa moja kuisha. Iwekeni chini ya ukuta, panapopigwa na maji na mipira, na akate mtu mzoefu.

*Shiti za kioo za bwawa la kuogelea.* Shiti moja ya sentimita 32.7 kwa 32.7 ina vipande 225 vya milimita 20, unene 4. Mita ya mraba inahitaji shiti 9 na kipande. Rangi haipauki juani, unene ni mmoja, na watoto wanaweza kupanga bila kukata chochote. Bei ndiyo kikwazo. Ukuta mzima wa kioo kwa mradi wa michango ni anasa, lakini shiti tatu nne kwa macho, maji na anga zitabeba picha nzima. Zile zenye karatasi mbele ziloweke majini kwanza ili karatasi itoke.

*Vioo vya kujitazamia.* Msanii wa mozaiki Isaiah Zagar alivijaza kwenye kuta za South Street, Philadelphia, Marekani, ambako mwaka 1994 alianza kazi inayoitwa leo Philadelphia's Magic Gardens. Tangazo la kuuza kiwanja lilipokuja, wakazi na wapenzi wa kazi hiyo waliipigania hadi ikawa taasisi isiyo ya faida mwaka 2004. Vinapendeza, hilo halina ubishi. Lakini alkali ya saruji na unyevu hula rangi ya fedha ya mgongoni, na weusi huanzia kingoni. Silikoni inayonuka siki hufanya vivyo hivyo. Ziba mgongo na kingo kwa rangi isiyopitisha maji, bandika kwa silikoni isiyo na asidi, na usizidishe kipande kimoja kwa kila kumi.

Plaizi

Kwa kioo, nunua ya magurudumu mawili. Ingiza ukingo wa kipande milimita chache tu, bana polepole, ufa unakimbia wenyewe hadi upande wa pili. Gurudumu likiwa butu, legeza skrubu na ulizungushe kidogo. Kwa vigae inatosha ile ya mdomo wa pembeni, tena ya bei ya kati. Mbili za kila aina zinatosha watu ishirini, kwa sababu wanaokata wasizidi wanne. Miwani kwa wote wanne, bila mjadala. Grinda kavu isitumike karibu na watu, vumbi lake lina silika, inayodhuru mapafu.

Grauti

Wengi wanapoifananisha jamii na mozaiki husema grauti ndiyo inayotuunganisha. Kwa fundi, hapana. Grauti haibandiki kitu. Inazuia maji na uchafu kuingia kati ya vipande, na inakinga kingo. Kipande kisichoshikwa na gundi kwa nyuma kitaanguka na grauti yake.

Kwa shiti za kioo hesabu kilo 1.3 kwa mita ya mraba. Kwa vipande vya vigae vyenye nafasi ya milimita 5, kilo 2 hadi 3. Saruji nyeupe tupu hupasuka kwenye nafasi zaidi ya milimita 3, nunua grauti yenye mchanga laini. Rangi nyeupe huonekana kuliko vipande vyenyewe. Kijivu cha mkaa huzikusanya rangi. Futa baada ya dakika 20 hadi 30 kwa sponji iliyokamuliwa sana. Sponji yenye maji huosha rangi ya juu na kuacha mabaka. Kisha funika ukuta kwa gunia bichi siku tatu, la sivyo jua litaifanya unga.

Ukuta wenyewe

Lipu mpya ingoje siku 28. Niru inayong'aa na rangi ya mafuta vikwanguliwe. Gonga kila sehemu. Panapolia mvungu pabomolewe, na ufa hai, yaani unaoendelea kupanuka, usifunikwe. Anzeni sentimita 15 juu ya ardhi.

Wekeni kando kilo moja ya grauti kutoka mfuko uleule, kwenye kopo lisilopitisha hewa, pamoja na konzi kadhaa za kila rangi. Muuzaji atawashauri mnunue vanishi ya kung'arisha juu ya yote. Msinunue: kigae na kioo haviinyonyi, itababuka msimu wa kwanza, na kuibandua kipande kwa kipande ni kazi kubwa kuliko kujenga.