Banda la kuku la magurudumu: miezi mitano kwenye mchanga wa Mtwara

Nilinunua banda hili mwezi wa tisa kwa shilingi 260,000, kwa fundi seremala mmoja wa hapa mjini. Ubavuni limeandikwa kwa rangi ya bluu: UWEZO KUKU 30. Fundi mwenyewe akaniongezea la mdomo: "Hili ndilo banda la kisheria, mwalimu. Ukiwa nalo bwana afya hakugusi." Nimefundisha hesabu darasa la tano miaka mingi, kwa hiyo nianze na hiyo 30.

Banda lina urefu wa mita 2 na upana wa mita 1. Wataalamu wa mifugo hutuambia kuku wa kienyeji wakubwa wakae kati ya 5 na 8 kwa mita moja ya mraba. Zidisha: 10 hadi 16. Hao 30 sijui wangekaa wapi, labda wapokezane zamu. Mimi ninao 13, mitetea 12 na jogoo mmoja wa kuchi, na sioni pa kumweka wa kumi na saba. Jogoo huyo ni mrefu kama kuchi wote walivyo, na vichanja vimepigwa juu mno, basi usiku analala shingo imepinda chini ya bati. Nilishusha kichanja kimoja mwenyewe kwa msaada wa msumeno.

Sasa sifa, maana zipo. Viota vitatu vinafunguliwa kwa nje. Unainua kifuniko, unachukua mayai, hujainama wala hujakanyaga mavi. Kwa mtu mwenye magoti kama yangu, hilo peke yake lina thamani ya nusu ya bei. Sakafu ni ya mabanzi yenye nafasi, kinyesi kinadondoka kwenye trei ya bati unayoivuta kama droo. Naivuta kila baada ya siku mbili, namwaga maranda makavu, harufu haipo. Mvua za mwezi wa kwanza ziliponyesha kwa upepo, maji yaliingia kwenye trei nami nikachelewa siku nne. Siku hiyo hata mimi mwenye kuku niliziba pua. Kwa hiyo harufu inategemea mikono yako. Ukiwa mvivu, banda hili litakuumbua mapema kuliko la udongo.

Jambo jingine ni chanjo. Kuku wakiwa wamefungiwa, kuwakamata jioni kwa chanjo ya kideri (mdondo) ni kazi ya nusu saa: tone moja jichoni, kila miezi mitatu. Zamani nilikuwa nakimbizana nao chini ya mkorosho mpaka adhana ya magharibi. Kichupa kimoja kinatosha kuku wengi kuliko wangu, na kikishachanganywa hakiwekwi hadi kesho, kwa hiyo tunachangishana majirani.

Niwaambie kwa nini nilinunua. Kuku wangu walikuwa wanazurura, wakaingia kwenye mchicha wa jirani yangu, nikaitwa kwa mwenyekiti wa mtaa. Nilikwenda nikiwa nimejiandaa kusikia kwamba mjini hakufugwi. Sivyo nilivyoambiwa. Bwana afya aliyekuwepo alisema, "Mwalimu, kufuga hukatazwi. Fungia kuku wako, safisha, na usimkere jirani." Niliomba kuona maandishi, mazoea ya ualimu hayo, na mtendaji akanieleza utaratibu wake: halmashauri hutunga sheria ndogo kwa mamlaka inayopewa na Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji) ya 1982, Waziri anaziridhia, kisha zinatangazwa kwenye Gazeti la Serikali. Juu yake iko Sheria ya Afya ya Jamii ya 2009 inayoshughulikia kero. Ndiyo maana kilichoandikwa Manispaa ya Mtwara-Mikindani si lazima kiwe hichohicho Lindi. Mdogo wangu aliyeko Lindi aliniuliza kama akinunua banda kama langu atakuwa salama huko. Nikamwambia aanze ofisi ya kata yake, fundi amfuate baadaye.

Kwa hiyo hakuna kitu kinachoitwa banda la kisheria. Kati ya yale matatu ya bwana afya, banda langu limetimiza la kwanza sawasawa: tangu mwezi wa tisa hakuna kuku aliyekanyaga mchicha wa mtu. La pili linanisaidia. La tatu ndilo lililonitesa.

Jirani yangu ni mvuvi wa dagaa. Nilidhani atalalamikia jogoo. Jogoo akiwika saa kumi alfajiri yeye yuko baharini na taa zake, hana habari. Tatizo ni mitetea. Mtetea akishataga hutetea, ndiyo jina lake, na mitetea 12 hutaga kuanzia saa tatu asubuhi hadi adhuhuri, saa zilezile anazolala mtu aliyekesha majini. Nililiweka banda mita tatu kutoka dirisha lake kwa sababu hapo palikuwa na kivuli. Nikaanza kugundua kwamba ugomvi wetu unafuata mwezi: kipindi cha mbalamwezi haendi kuvua, analala usiku kama sisi, tunasalimiana vizuri; likiingia giza, salamu inakauka. Kuku wakizurura, kila mmoja hutetea kichakani kwake. Banda lilikuwa limewakusanya wote na kuwaelekeza dirishani.

Nikasema si neno, banda lina magurudumu. Hapo ndipo nilipomkumbuka fundi kwa ubaya. Magurudumu manne madogo ya mpira mgumu, ya kutelezea kwenye sakafu ya vigae, na uwanja wangu ni mchanga mtupu. Nilisukuma mara moja, yakazama yote manne hadi kwenye ekseli. Nilimpigia simu. Akasema, "Mama, jaribu kumwaga saruji kidogo uani." Sawa.

Aliyelihamisha ni huyohuyo jirani, na mabaharia wake wawili. Walipitisha mti chini, wakahesabu, wakalinyanyua kama wanavyopandisha ngalawa ufukweni, kuku wakiwa ndani wanapiga kelele zote za dunia. Sasa liko nyuma ya jiko, ukuta umekaa katikati. Mkewe amenihamishia kuku wake watatu, anasema kwake wanapiga kelele.

Kasoro nyingine nizipitie haraka. Tuko karibu na bahari, bawaba na komeo vilianza kutu kabla ya miezi miwili. Komeo nimebadilisha la shaba kwa 4,500. Wavu wa mbele ni ule mwepesi wa kuku, unazuia mwewe na kunguru, lakini kicheche aliutafuna pembeni usiku mmoja, nikampoteza mtetea (nilikuwa na mitetea 13, ndiyo maana imebaki 12). Nimeongeza wavu mgumu chini, kimo cha mkono mmoja. Mabanzi ya sakafu yameachana sana kwa vifaranga. Mwenye kuku wa kuatamia aweke gunia au ubao.

Nampa nyota tatu kati ya tano. Mbao ni ngumu, zimetiwa dawa, mchwa hawajagusa. Ukienda kwake mwambie ashushe vichanja, aweke wavu mgumu, na atoe magurudumu kwenye bei. Nilipomuuliza alikiri ni 35,000. Yangu nimeshayafungua. Mjukuu wangu ameyafunga kwenye kigari cha kubebea madumu ya maji, na kwenye barabara ya lami yanakwenda vizuri sana.